Maswali ya Wasomaji: Kujiandaa kwa Safari ya Sri Lanka

Ni miezi gani inayofaa kutembelea miji ya kale?

Sri Lanka hupata mvua kwa pepo mbili, ambazo msomaji wa pwani atazitambua mara moja kuwa ni kusi na kaskazi. Kuanzia Mei hadi Septemba kusi hunyesha upande wa Colombo na Galle, ilhali Anuradhapura na Polonnaruwa, zilizo katika ukanda mkavu, hubaki kavu kwa kiasi kikubwa. Kwa hiyo Julai, mwezi ambao wengi huuogopa, ni mzuri kwa anayefuata magofu na si ufuo.

Nina siku tatu tu. Nione nini?

Fikia Dambulla, kisha uwahi Sigiriya alfajiri, kabla jua halijachoma jabali. Mfalme Kashyapa, aliyetawala kuanzia mwaka 477 hadi 495, alijenga kasri juu ya jabali hilo lenye kimo cha karibu mita 200, na lango lake lilikuwa simba mkubwa ambaye leo amebakiwa na miguu tu. Siku ya pili nenda Polonnaruwa. Najua wengi wataniambia Anuradhapura ni kongwe zaidi, nao wamesema kweli, lakini imetawanyika mno kwa mtu mwenye haraka. Katika Gal Vihara, sanamu za Buddha zilichongwa kwenye mwamba mmoja katika karne ya 12. Isogelee ile iliyolala: mto umebonyea pale kichwa kilipouegemea, na unyayo wa juu umerudi nyuma kidogo, ishara kwamba huyu hakulala usingizi bali anaiaga dunia. Siku ya tatu yatosha kwa mapango ya Dambulla.

Je, cheti cha homa ya manjano kinahitajika?

Ndiyo, kwa wanaotoka nchi zenye maambukizi, zikiwemo Kenya na Uganda. Chanjo ipatikane angalau siku kumi kabla ya safari.

Mavazi gani yanakubalika hekaluni?

Funika mabega na magoti, uvue viatu na kofia, wala usipige picha ukiwa umeipa sanamu ya Buddha mgongo. Chukua pia soksi nene, kwani mawe ya uani huwaka adhuhuri, na mgeni asiyejua huvuka akirukaruka.