Redio ya android: usiiangalie ikiwa ukutani dukani

Wakuu, kuna watu kama wanne hivi wameniuliza nimeweka redio gani ya android kwenye Noah yangu, naandika hapa mara moja nisirudie rudie. Sitaongelea ramu wala blutuu, hayo wauzaji wanayaimba wenyewe. Naongelea kioo chake, yaani skrini, maana ndo kimenila hela mara mbili kabla sijatulia.

Ya kwanza nilinunua hapa hapa Chuga, yaani Arusha, inchi 9, laki mbili na themanini. Dukani wameitundika ukutani usawa wa macho, ndani kuna kivuli, inacheza video ya samaki wa rangi rangi, aisee nikaona nimeokota. Nikafungiwa siku hiyo hiyo. Kesho yake saa moja asubuhi natoka Kisongo naelekea Makuyuni, jua liko mgongoni linaingia kwa kioo cha nyuma linatua dashibodi, ramani ikapotea, nikawa najiona mimi na kofia yangu. Nikasema poa, labda ni jua tu. Jumamosi niko Tengeru sokoni, kivulini kabisa, narudi nyuma huku naangalia kamera ya rivasi naona weupe weupe tu kama uji uliozidi maji, mara nasikia watu wanapiga bodi simama simama, kumbe nyuma kuna toroli la ndizi. Nikainama mpaka kidevu kikagusa usukani, toroli hilo hapo kwenye kioo, limetulia, unaweza hata kuhesabu mikungu.

Ndo nikaelewa kwamba shida ni pale ninapokaa. Kile kioo kilikuwa aina ya TN, na nyingine inaitwa IPS, zote ni LCD. Iko hivi, LCD za redio hizi zina taa kwa nyuma, mbele yake kuna fuwele zinazoachia mwanga au kuuziba. Kwenye TN fuwele zinasimama na kulala kama luva za dirishani, na luva unazijua, ukichungulia kwa juu unaona hivi, kwa chini unaona vingine. Kwenye IPS zinazunguka zikiwa zimelala bapa, kwa hiyo kaa kulia kaa kushoto, rangi haihami sana. Sasa fikiria gari zetu, dereva yuko kulia, redio iko katikati tena chini ya macho, yaani hutakaa mbele ya kile kioo hata siku moja.

Ya pili nikachukua IPS nikijua nimemaliza. Pembe kweli ilikuwa safi, ila jua bado lilinitesa, na baada ya miezi michache nikaona vidoti vya vumbi NDANI, nafuta na kitambaa wapi. Kumbe kati ya kioo cha juu cha tachi na paneli yenyewe inayotoa picha kulikuwa na uwazi, mwanga unagonga kioo cha juu unarudi, unagonga paneli unarudi tena, na vumbi letu hili linapenya humo. Zile nzuri zimegandishwa pamoja. Kuzijua ni rahisi, izime halafu itazame kwenye mwanga, ukiona sehemu ya picha ina ukijivu na mpaka wake unaonekana, kuna uwazi. Ikiwa nyeusi tii yote kama mkaa, hiyo imegandishwa.

Maneno ya kwenye boksi yasikuchanganye. Ukikuta 1080 maana yake mara nyingi ni kwamba inaweza kucheza video ya hivyo, paneli yenyewe inaweza kuwa na nukta 1024 kwa 600 tu. Fungua ramani uangalie herufi ndogo za majina ya mitaa, zikiwa na meno meno achana nayo. QLED, jina la vioo vinavyosifiwa kwa rangi kali, nayo inaandikwa hovyo hovyo siku hizi, mi siilipii hata mia.

Kwa hiyo mwambie muuzaji aiwashe kwa betri, itoe nje saa sita mchana, ishushe usawa wa kifua, simama upande wa kulia wa kioo ukiwa unakitazama, weka picha ya mtu na picha nyeupe tupu. Akikataa ondoka. Na vaa miwani yako ya jua kama ni ya polaroidi, hii wengi hawaijui, mwanga wa LCD umechujwa upande mmoja na miwani hiyo inachuja tena, vikipishana kioo kinakuwa giza kabisa utadhani kimekufa, ukilaza kichwa upande picha inarudi. Mi niligundua niko barabarani.

Kingine ni usiku. Kuna waya mdogo unaounganishwa na taa ndogo za gari ili kioo kijipunguze ukiwasha taa, mafundi wengi wanaukunja na kuufunga tepu wawahi kumaliza. Simama hapo hapo mpaka auunge, maana kutoka Moshi saa mbili usiku na kioo kinakumulika usoni, hata pikipiki isiyo na taa huioni.

Hii ya sasa ni IPS iliyogandishwa, laki nne na ishirini, mwaka wa pili huu. Ile ya kwanza nilimpa shemeji akaweka kwenye kirikuu, yeye ni singeli tu kutwa nzima, kioo kaegeshea risiti.