Re: Ilikuwaje chuo binafsi kama University of Chicago kikaachana na michezo mikubwa?

Mkuu, umeuliza kama kweli Chicago waliwahi kuwa moto kwenye futiboli ya Kimarekani. Waliwahi, tena sana! Kocha Amos Alonzo Stagg alianza kazi pale 1892, na 1896 chuo kikawa miongoni mwa waasisi wa ligi ya michezo ya vyuo ambayo leo inaitwa Big Ten. Mwaka 1935 mchezaji wao Jay Berwanger akawa wa kwanza kupata tuzo tunayoijua kama Heisman, ya mchezaji bora wa futiboli ya vyuo.

Kisha mambo yakageuka. Rais wa chuo, Robert Hutchins, aliona mpira unakula nafasi ya masomo. Timu nayo ilishachoka: 1939 chuo cha Michigan kiliwachapa 85-0. Mwishoni mwa mwaka huo futiboli ikafutwa, na 1946 wakajitoa kwenye ligi kabisa. Utamu wa hadithi ni kwamba chini ya majukwaa ya uwanja wa timu hiyo, tarehe 2 Desemba 1942, ndipo mwanafizikia Enrico Fermi na wenzake walipowasha tanuri la kwanza la nyuklia duniani.

Futiboli ilirudi 1969, ila kwa daraja la chini. Kwa vikombe vikubwa jijini, waulize Loyola, chuo kingine cha Chicago: ubingwa wa kitaifa wa kikapu, 1963.