Ukoo kwanza, jina baadaye: kusoma ngozi ya jani la nyasi

Utaletewa kipande cha jani kisicho na suke, ala (sehemu ya jani inayokumbatia bua) wala ulimi (utando mdogo pale ala inapokutana na jani), kisha uulizwe hii ni nyasi gani. Familia ya nyasi ina spishi zaidi ya 11,000, na nyingi zisipochanua zinafanana kama mapacha. Usikate tamaa. Chukua wembe na hadubini, uisome ngozi ya jani. Ila tangu siku ya kwanza ujue kwamba ngozi hiyo itakuonyesha ukoo, yaani kundi dogo ndani ya familia ya nyasi, kabla ya jina. Wanafunzi wengi niliowafundisha walikwama kwa sababu walidai jina la spishi kabla hawajaujua ukoo.

Ukiwa na mmea mzima, chukua jani lililokomaa, ukate sehemu ya katikati. Jani la juu kabisa, lile lililo karibu na suke, liache. Mara nyingi haliwakilishi mmea wote. Tunalinganisha upande wa chini wa jani, na ukichanganya pande mbili umeharibu kazi. Kwa hiyo lilaze kwenye kioo, upande wa chini ukigusa kioo, ulimwagie matone ya dawa ya klorini, kisha ukwangue polepole kwa wembe ulioulaza kidogo. Kijani kitatoka, mishipa itafuata, na mwisho kitabaki kiwambo cheupe chepesi kuliko karatasi ya sigara. Papo hapo mikono hutaka kuharakisha. Ipunguze kasi, maana mkwaruzo mmoja wa ziada unatoboa sehemu uliyokuwa unaihitaji. Suuza kwa maji, tia rangi ya safranini, weka tone la glisirini, funika. Njia ya kupaka rangi ya kucha na kubandua alama yake ni ya haraka na inafaa kuhesabu stomata (vitundu vya kupumulia vya jani), lakini miili ya silika, yaani vipande vya madini kama kioo vilivyo ndani ya seli, haitaonekana vizuri, na hiyo ndiyo tunayoihitaji zaidi.

Chini ya lenzi utaona mistari. Ipo inayopita palipokuwa na mishipa, na ipo ya nafasi zilizo kati yake. Itenganishe kwenye mchoro wako kabla ya kutazama kitu kingine chochote. Kisha nenda kwenye mistari ya mishipa, utafute seli fupi. Baadhi zimebeba kipande cha silika, kiangavu kama kioo, na umbo lake ni hazina. Katika ukoka na wimbi ni kama tandiko la punda lililotazamwa kutoka juu: pande mbili zimebonyea, mbili zimetuna. Katika ukoo wa mahindi, mtama na muwa utaona vifundo viwili vilivyounganishwa na kishingo, au umbo la msalaba. Mpunga nao una vifundo viwili, lakini vimelala kukingama na urefu wa jani, wakati vya mtama vimelala kuufuata. Nilipoliona hilo kwa mara ya kwanza nilikaa nikilitazama muda mrefu. Mwelekeo tu, na koo mbili zinatengana! Ngano na shayiri hazina tandiko wala msalaba. Silika yao ni ya mviringo au ndefu, mara nyingi yenye kingo za mawimbi.

Umbo la silika peke yake halitoshi, kwa sababu mianzi nayo ina matandiko. Ndiyo maana tunatafuta vinywele vidogo vya seli mbili, kwa lenzi ya 40. Kwenye ukoo wa mahindi, seli ya juu ni ndefu na nyembamba kama kidole. Kwenye ukoo wa ukoka mara nyingi ni fupi, imevimba. Kwenye ukoo wa ngano havipo kabisa. Hapo pana mtego ulioninasa. Niliwahi kuandika "havipo" kwa sampuli kavu ya zamani, nikaipeleka kwenye ukoo wa ngano, na matokeo yote ya kazi ile yakaenda kombo. Seli ya juu ina ukuta mwembamba, ikikauka hunyauka au hukatika; seli ya chini ilikuwapo muda wote na sikuitazama. Siku hizi siandiki "havipo" kabla ya kukagua vipande kadhaa na kutafuta vitako vilivyobaki.

Stomata zisikuchukulie muda mwingi. Angalia tu seli zilizo pembeni mwa kila kitundu: zimechongoka kama pembetatu, zimetuna kama kuba, au kingo zake zimekwenda sambamba, kama ilivyo kawaida kwenye ukoo wa ngano.

Wingi wa nywele ndefu na miiba usiutegemee sana. Hubadilika kwa ukame na umri wa jani. Umbo la silika ni thabiti zaidi. Hubaki hata jani likioza, na hata likipita tumboni mwa mnyama. Ndiyo sababu kipande kidogo kilichookotwa kwenye kinyesi cha swala bado kinaweza kusema kama alikula nyasi za ukoo wa ukoka au za ukoo wa mtama. Ukifika hapo, ukoo ukiwa mkononi, ndipo uchukue slaidi za nyasi ulizozitambua kwa suke zake, uziweke kando ya sampuli yako, na uanze kutafuta jina.