Usitie saini kwanza, dada

Dada umeuliza kama ukubali mwanao wa darasa la nne ahamishiwe elimu maalumu, kwa vile "ana mwaka na nusu Marekani na bado haelewi". Ushauri wangu ni huo hapo juu.

Nina miaka tisa nakalimani Kiswahili kwenye shule za katikati ya jiji huku, watoto wengi wakiwa wametokea kambini, Nyarugusu na Kakuma. Mvulana mmoja alipewa fumbo la hesabu: machungwa 12, yameliwa 5, "how many are left?" (yamebaki mangapi?) Akachora mshale unaoelekea kushoto. Mwalimu akaandika kwamba hajui kutoa. Nilipomuuliza kwa Kiswahili, hata sijamaliza, akasema, "Saba." Left aliyoijua yeye ni ya kushoto, ile ya kupanga mstari kwenda kula.

Na usipimie kwa anavyobishana na wenzake uwanjani. Kiingereza cha michezo huja kwa mwaka mmoja au miwili. Kile cha kitabu cha sayansi, kwa mujibu wa mtafiti Jim Cummins, huchukua mitano hadi saba. Sasa mwaka na nusu ni kitu gani?

Sheria iko upande wako. Tangu kesi ya Lau dhidi ya Nichols ya mwaka 1974, iliyofunguliwa na familia za Wachina wa San Francisco, kumsaidia mtoto aelewe masomo kwa lugha asiyoijua si hisani ya mwalimu mkuu. Na sheria ya elimu maalumu, IDEA, inataka mtoto apimwe kwa lugha yake inapowezekana, wala kutojua Kiingereza pekee hakuwi sababu ya kumwita mlemavu. Bila saini yako hawawezi kumwanzishia huduma hizo. Omba apimwe kwa Kiswahili, na uombe kwa maandishi. Mkalimani aletwe na shule, usimpe kaka yake kazi hiyo (nimemsikia mmoja akifupisha dakika kumi za mwalimu kuwa "anasema yuko sawa").

Ila nisikufiche: wapo wanaohitaji kweli msaada huo, na nimeona wazazi wakikataa kwa aibu, mtoto akapoteza miaka. Tatizo la kweli huonekana hata kwa Kiswahili. Akikusimulia hadithi, anashika mwanzo na mwisho? Ukimtuma vitu vitatu, anarudi navyo vyote? Alichelewa kuongea kuliko ndugu zake? Andika majibu kwenye karatasi, uende nayo kwenye kikao.