Ukitaja alama ya demokrasia, taja na rula iliyopimia

Kwenye mwalo wa Kirumba, sangara wa sentimita 49 na wa sentimita 50 huwezi kuwatofautisha kwa macho, ila kwa sheria wa kwanza bado ni mchanga, hakupaswa kuvuliwa. Vipimo vya demokrasia navyo vina mipaka ya aina hiyo, na hapo ndipo wengi wanaoandika tasnifu au kuandaa vipindi vya redio hapa Mwanza huteleza.

Economist Intelligence Unit, kitengo cha utafiti cha kampuni inayochapisha jarida la The Economist la Uingereza, huipa demokrasia ya kila nchi alama 0 hadi 10 kutokana na viashiria 60. Nchi yenye 4.00 huwekwa kundi la utawala wa kimabavu, yenye 4.01 huitwa ya mchanganyiko. Ukisikia nchi "imepanda daraja", uliza kwanza alama yenyewe imesogea kiasi gani.

Freedom House, shirika la Marekani linalopima uhuru katika nchi, hutumia alama 100: haki za kisiasa 40 kwa maswali 10, uhuru wa kiraia 60 kwa maswali 15, kila swali 0 hadi 4. Tafadhali usiishie kwenye jumla. Chukua nchi mbili za kufikirika. Ya kwanza ina 30 kati ya 40 na 20 kati ya 60; ya pili ina 12 na 38. Zote zina 50, zote zitaitwa "huru kiasi". Lakini kwa nchi ya kwanza, kura inaweza kuiondoa serikali huku mwandishi akishika kalamu kwa hofu. Kwa nchi ya pili, watu wanasema watakalo kijiweni, ila wakubwa hawaondoki kwa kura. Hizo ni shida mbili tofauti kabisa, na namba 50 imezifunika zote. Fungua ripoti ya nchi, soma swali kwa swali.

Angalia na mwaka. Ripoti ya Freedom House ya 2024 inahusu mambo ya 2023, wakati ile ya Economist Intelligence Unit yenye jina la 2023 ndiyo inayohusu 2023. Ukizipanga kwa majina yake, umeshakosea mwaka mzima.

Kwa utafiti wa miaka mingi, mimi ningeanza na V-Dem, mradi wa kupima demokrasia wa Chuo Kikuu cha Gothenburg, Sweden. Alama zake ni 0 hadi 1, na kila moja huja na kiwango cha chini na cha juu kinachowezekana. Mathalani nchi ikitoka 0.45 hadi 0.42, na mwaka huu kiwango chake ni 0.36 hadi 0.48, usiandike kwamba imeporomoka, maana 0.45 bado imo ndani ya kiwango hicho. Pia alama za nyuma hukokotolewa upya kila toleo, kwa hiyo usiunganishe faili la zamani na jipya. Pakua lote upya. Na ukitafuta Tanzania humo, kumbuka Zanzibar ina mstari wake peke yake.