Unapima mwanga kwenye tishu? Anza na kamera kwanza

Wadau mnaoanza kupima jinsi tishu inavyofyonza na kutawanya mwanga kwa hadubini, kabla hujagusa sampuli ingia kwenye setingi za kamera uzime oto zote, mwangaza oto, rangi oto, na ile gama ya kupendezesha picha, maana unatafuta namba sio picha ya kuposti. Sevu TIFF, JPEG achana nayo. Halafu piga picha taa ikiwa imezimwa, piga ya slaidi yenye saline (maji ya chumvi) tu bila tishu, ndo upige ya tishu yenyewe, na katikati hapo usiguse taa wala kondensa, ile lensi ya chini inayoelekeza mwanga kwenye slaidi. Toa ile ya giza kwenye zote mbili, gawanya ya tishu kwa ile tupu, umepata sehemu ya mwanga iliyopita.

Sasa kazi iko hapa. Mwanga usiofika kwenye kamera haujafyonzwa wote, mwingine umetawanyika ukapita nje ya lensi. Tishu laini nyingi zinatawanya mwanga kuelekea mbele zaidi, kwahiyo lensi iliyoandikwa 40/0.65 (40 ni ukuzaji, 0.65 inaonyesha inaokota mwanga wa pembe pana kiasi gani) inaokota mwanga ambao ile ya 4/0.10 inaukosa, unajikuta slaidi ileile ina majibu mawili na yote ni halali. Mtu akinitumia namba bila kutaja lensi huwa hata siisomi.

Damu nayo ioshe, inafyonza sana karibu na nanomita 415, tena 542 na 577, ukiona kijani kimekatwa sana kuliko nyekundu basi ishuku hiyo kwanza. Na usifunike sampuli kwa gliserini eti kwa sababu ndo iliyopo kabatini! Kipimo chake cha kupinda mwanga ni 1.47, maji ni 1.33, ikishaingia ndani tishu inakuwa angavu na mtawanyiko uliokuja kuupima unashuka.

Unene usiuamini wa kwenye mashine ya kukatia. Fokasi juu, fokasi chini, soma tofauti kwenye nobu ndogo, zidisha kwa 1.37 hivi, yaani kipimo cha tishu cha kupinda mwanga, kama lensi ni ya hewa (isiyotumia mafuta wala maji).

Ila kabla ya yote jaribu agari (jeli ya mwani) yenye maziwa kidogo sana. Ukiweka maziwa mara mbili kwa unene uleule, logi ya mwanga uliopita nayo iende karibu mara mbili, isipoenda rudi kwenye kamera, tishu iache friji kwanza.