Kwa uliyehamishiwa Micheweni na kuhisi imani inapoa: nimekaa huko miaka sita

Tumsifu Yesu Kristo mdogo wangu. Nimesoma ulivyoandika jana, kwamba wee ni mwalimu, umepangiwa skuli ya Micheweni kule Pemba tangu mwezi wa saba, kanisa mpaka ufike Weti, Jumapili nyengine gari hupati nyengine nauli huna, simu imejaa magrupu ya maombi na bado unahisi imani inapoa, na unauliza ufanyeje. Mie si padri wala si sista, ni nesi, mzaliwa wa Machui hapa Unguja, nilipelekwa hukohuko 2011 nikarudi 2017, kwa hiyo unayoyasema nayajua.

Machui wakristo tupo wengi, kanisa liko palepale, ukikosa misa mama fulani atakupitia jioni akuulize unaumwa? Nimekulia humo mpaka nikadhani ile imani ni yangu peke yangu, kumbe nusu yake nilikuwa nabebwa na watu. Nilipofika Micheweni sikuwa na wa kunibeba. Miezi miwili ya mwanzo nililia Dominika, mwezi wa tatu Dominika moja ikapita na sikuikumbuka mpaka Jumatatu niko kazini, hapo ndo nkaogopa kwelikweli.

Aliyeniamsha hakuwa mkristo. Jirani yangu alikuwa bi mkubwa mmoja, Mpemba wa palepale, alikuwa akikaa barazani kwake anasuka ukili, akaniambia, "daktari, Jumapili mbili hizi sijakuona na kile kitabu chako, kulikoni?" Nilishindwa kumjibu. Yule bibi swala tano hazimpiti, mvua ikinyesha anasali, akiumwa anasali amekaa, na mie nasingizia gari. Toka siku ile nikashika adhana yao iwe kengele yangu, yakiadhiniwa ya alfajiri, ya adhuhuri na ya magharibi nasali Malaika wa Bwana, ile sala yetu wakatoliki ya mara tatu kwa siku, nikiwa zamu wodini nasali kimyakimya nimeshika chati ya mgonjwa. Zile sala zetu ni za asubuhi, mchana na jioni na adhana zipo karibu na nyakati hizohizo, kwa hiyo Micheweni huwezi kusema umesahau saa. Anza na hilo, halina gharama.

Lakini peke yako hutofika mbali, nakwambia ukweli. Kusali peke yako miaka sita hao ni wachache na mie simo. Tafuta watu. Mie nilianza na askari mmoja aliyekuja kutibiwa, nikaona ana rozari mfukoni, nikamuuliza, akanambia yupo na mkewe na wapo wengine wawili anaowajua. Tukawa watano! Watatu wakatoliki, mmoja Mwanglikana, mmoja Mlutheri. Tukawa tunakutana Dominika saa kumi jioni kwa zamu za nyumba, ibada ya Neno bila padri kama inavyofanywa vigangoni, yale makanisa madogo ya mbali na parokia, nyimbo sauti ya chini, masomo ya siku, maombi, kisha chai na mkate wa kumimina.

Hapo kwenye masomo nikae kidogo. Usisome tu ukurasa wowote utakaoufungua, soma masomo ya Dominika yenyewe, yaliyomo kwenye misale, yaani kitabu cha misa, na kalenda ya liturujia, yale ya mzunguko wa miaka mitatu A, B na C. Kwa sababu ukisoma hayo unajua kwamba siku ileile Machui wanasoma injili hiyo, Minara Miwili kanisa kuu la mjini Unguja wanasoma hiyo, na wenzio wa Songea na wa Roma pia. Mie jioni nilikuwa nampigia mama namuuliza padri kahubiri nini, na mama yangu si msomi lakini alikuwa ananisimulia mahubiri vizuri mpaka na pale watu walipocheka, tena baadae akanambia toka nilipoanza kumuuliza hasinzii tena kanisani maana anajua binti yake anasubiri.

Tulikwaruzana pia nisikufiche. Mwezi wa kumi sie wakatoliki tukataka Rozari, yule mama wa Kilutheri akaona hayumo, wiki mbili hakuja. Mkosa ni mie, nilimwambia maneno ya kujiona. Nilimfuata kwake nikamwomba radhi, tukakubaliana Zaburi na injili kwanza sote pamoja, maombi ya kila mtu, halafu anayetaka Rozari abaki. Mkiwa watano kumpoteza mmoja ni pengo kubwa, kwa hiyo mambo hayo malizeni mapema na kwa upole.

Sasa ije 2013. Tarehe 17 Februari, Dominika ya kwanza ya Kwaresima, asubuhi, Padri Evarist Mushi akauawa kwa risasi Beit el Ras huku Unguja akienda kusalisha misa. Mie nilipata habari kwa simu niko kazini, miguu ikaisha nguvu. Mwaka wa nyuma yake makanisa yalishachomwa Unguja, kwa hiyo watu walikuwa na hofu tayari, na wetu mmoja akasema jamani tusikutane tena, na hakuwa mwoga, ana watoto. Hatukukutana wiki saba. Tulichofanya ni hivi, kila siku saa tatu usiku kila mtu nyumbani kwake anasoma Zaburi ya 91, ambayo ndiyo ilikuwa wimbo wa katikati wa misa ya Dominika ile aliyouawa padri, Aketiye mahali pa siri pake Aliye juu, akimaliza anatuma meseji ya neno moja tu, "nipo". Wanne wakituma na wa tano hajatuma basi anapigiwa, hapohapo, hakuna kusubiri asubuhi. Siku moja yule mke wa askari hakutuma, tukapiga hakupokea, nikaenda na tochi nikamkuta na homa kali yuko peke yake na mtoto mchanga, mume kazini. Bila lile neno moja sijui.

Na usiku ule wa tarehe 17 yule bi mkubwa alikuja na mkeka wake, akasema "pole mwanangu, leo silali kwangu," akatandika sebuleni kwangu akalala. Hakusema jengine. Alfajiri akaswali palepale, mie nikasali chumbani. Mpaka leo ananipigia, 2025 Ramadhani na Kwaresima vilipoanza wiki moja akanambia mwaka huu tunafunga sote daktari, futari yako nani anakupikia huko mjini?

Ndo maana hayo magrupu ya watu mia mbili siyaamini sana kwa shida yako. Si mabaya, nami nimo mawili, na misa ya kwenye simu ukiwa mgonjwa inafariji. Lakini humo ukinyamaza mwezi mzima hakuna atakayejua. Soma Warumi sura ya 16, watu huiruka kwa kuwa ni majina tu, Fibi, Priska na Akila na kanisa lililomo nyumbani mwao, Rufo na mama yake ambaye Paulo anamwita mama yake pia, na Paulo wakati anaandika alikuwa hajafika Roma hata siku moja! Sie tulinunua daftari tukaandika majina yetu, siku za kuzaliwa, wazee wetu walioko mbali na wanaumwa nini, na kila Dominika tunawataja mmojammoja.

Kuhusu Ekaristi sikudanganyi, njaa ile haizoeleki na isikuzoee. Mwisho wa mwezi mshahara ukiingia tulikuwa tunachanga nauli tunakwenda Weti sote pamoja, tunaungama, tunapokea, tunarudi tunaimba garini mpaka kondakta anacheka. Dominika za katikati tulisali komunyo ya tamaa, yaani kumwomba Yesu aje moyoni pale usipoweza kupokea Ekaristi. Tenga hiyo nauli mapema kabla hujagusa mshahara.

Wawili ninaowajua bado wapo Micheweni, mmoja mwalimu mwenzio. Niandikie faragha nitazungumza nao kwanza wakikubali nikuunganishe, na kuanzia leo saa tatu usiku fungua Zaburi ya 91, ukimaliza nitumie neno lile. Usipotuma nitakupigia.